Mfuko Uliopwaya

Juu ya meza ya duka palikuwa na laptopu mbili, na Mama Futi aliichukia ya kwanza kabla hata hajatajiwa bei.

Ilikuwa nyeusi, imechorwa makucha mekundu mgongoni, na ilipowashwa vibonye vyake vikaanza kuwaka kijani, zambarau na buluu, rangi zikawa zinafukuzana bila kuchoka. Mama Futi alikuwa fundi cherehani. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haikumtoka shingoni hata siku ya msiba. Aliitazama mashine ile kwa jicho lile lile analowatazamia watu wanaomletea kitambaa cha pazia wakitaka washonewe suti.

"Hii ni kompyuta au ukumbi wa muziki?" akauliza.

Muuzaji akacheka. Alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na nyumbani walimwita Mtaalamu kwa sababu kila chenye waya kikiharibika kilipelekwa kwake, ingawa si kila kilichopelekwa kilirudi kizima.

"Shemeji, hiyo ni ya gemu. Vijana wanazitaka hivyo hivyo, ziwake mpaka jirani aone."

"Mwanangu anasomea kuchora majengo. Gemu na sisi wapi na wapi?"

"Sasa hapo ndipo mnaponihitaji." Mtaalamu akavuta kiti, akakikalia kinyumenyume kama mtu anayetaka kutoa siri. "Mchoro wa ghorofa, ukitaka kuuzungusha uone madirisha na ngazi, ni picha nzito. Kompyuta ya kuandikia barua haiwezi, inaganda. Inatakiwa yenye kadi ya picha. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wachoraji, bei yake si bora ununue kiwanja? Lakini hizi za gemu, kadi zinayo, nguvu zinazo, na bei ni ya kibinadamu."

Binti, ambaye muda wote alisimama mikono nyuma kana kwamba ameonywa asiguse kitu, akadakia. "Ndivyo alivyosema mwalimu, mama. Ila mwenyewe hazipendi za kumetameta. Anasema darasani si harusini. Halafu muhula wa mwisho tunapelekwa kwenye ofisi za watu. Nikifungua kitu chenye makucha mbele ya wahandisi, si watanicheka?"

"Watakucheka mpaka wakusahau jina," Mtaalamu akasema. "Ndiyo maana nimewatolea na hii."

Ya pili ilikuwa ya kijivu. Haikuwa na mchoro wala taa, ila nembo ndogo ya kampuni pembeni, ndogo kama kifungo cha shati la mtoto. Ukiiona mezani kwa mtu ungejua tu kwamba ni laptopu, basi.

"Ndani ni ile ile ya gemu," Mtaalamu akasema. "Nje ni karani wa serikali. Hata mwizi akiiona anapita zake."

Hapo Mama Futi akaipenda. Katika kazi yake alishawaona wengi waliomaliza fedha kwenye vifungo vya kumeremeta huku bitana ni ya gunia, na siku zote yeye alisifu nguo iliyotulia nje na kushonwa vizuri kwa ndani. Nguo ngeni ikimfika mkononi aliigeuza kwanza ndani nje ndipo aseme neno. Akaichukua laptopu, akaipindua, akachungulia matundu ya kutolea joto kama anayetafuta mshono.

"Hii haigeuzwi ndani nje?"

Wote wakacheka, hata mumewe aliyekuwa ameegemea mlango na mkoba wake wa kazi begani.

"Ndani hapaonekani, shemeji. Hapo unaniamini mimi tu."

"Haya, nimekuamini."

Akavua futi shingoni, akaanza kuipima laptopu urefu na upana, kisha akaisimamisha akapima unene wake, maana kwa nyuma ilikuwa imenenepa kama mkate.

"Unaishonea suti?" Mtaalamu akauliza.

"Naishonea mfuko. Mwanangu hatabeba kitu cha bei hii kwenye plastiki." Vipimo hakuviandika. Vya wateja alivishika kichwani mpaka nguo iishe, na hivi navyo akavishika.

Mumewe akasogea, akamwekea mkono begani. Alikuwa msoma mita za maji, mtu wa kutembea nyumba kwa nyumba, mpole, asiyejua kupandisha sauti. "Kama tulivyokubaliana, mama," akasema. "Nusu yako, nusu yangu. Yangu ipo, naiweka tangu mwaka jana."

Mama Futi akamwangalia shemeji yake kwa kujidai kidogo. Si kila mwanamke alikuwa na mume wa kuweka akiba.

*

Nusu ya Mama Futi ilikuwa imesimama kwenye kona ya chumba chake cha kushonea. Ilikuwa mashine ya kudarizi, ile inayoshona nembo za shule kwenye sweta. Mafundi wa sare walikuwa wengi mtaani, lakini wenye kudarizi walihesabika, na ndiyo maana shule zilimfuata yeye.

Aliyeinunua alikuwa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, mwanamke mchangamfu ambaye watu walimwita Bi Kesho, kwa kuwa hakuna mteja aliyewahi kuambiwa na yeye neno lingine. Alikuja na mkokoteni, akaikagua mashine, akaijaribu kwenye kitambaa, akasema inalia kidogo ili apunguziwe, na akapunguziwa.

Mume ndiye aliyesaidia kuitoa. Alishika upande mmoja, Mama Futi akashika mwingine, wakaipitisha mlangoni kwa kuiinamisha kama watu wanaotoa mgonjwa. Nje Mama Futi akashindwa kuiachia. Akawa anafuta vumbi ambalo halikuwapo.

"Usilie bwana," mumewe akamwambia kwa upole. "Mtoto akimaliza chuo atakununulia tano."

"Silii. Naiaga tu."

Mkokoteni ukaondoka. Mume akaenda kunawa mikono, na Mama Futi alimsikia akinawa kwa muda mrefu. Alidhani ni grisi.

*

Mfuko aliushona kwa masalio ya kitambaa cha suti, buluu ya kuiva, bitana ya blanketi ili laptopu isigongwe, na zipu imara ya mkoba wa safari. Aliufurahia kuliko nguo zote alizoshona mwaka ule.

Kuifuata laptopu alikwenda mume peke yake. "Wewe una sare za watu," alisema, "niachie mimi." Akarudi jioni nayo kwenye mfuko wa plastiki, katoni hamna.

"Mtaalamu kanishauri niache katoni," akasema. "Njiani inaita wezi."

Ikawekwa mezani. Ya kijivu, haina makeke, nembo yake pembeni.

"Ndiyo yenyewe?" Mama Futi akauliza, kwa kufurahi tu, si kwa kushuku.

"Ndiyo yenyewe."

Binti akaiwasha. Akabonyeza hapa na pale, akafungua kitu, akakifunga, akainua macho akamtazama baba yake. Baba akasema koo limemkauka, akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa.

Mama Futi akaleta mfuko wake kwa mbwembwe, akiwa ameufunika kwa khanga kama zawadi. Akaiingiza laptopu. Ikazama, ikateleza mpaka chini na kugonga, ko. Akaitoa akaiingiza tena, ikagonga tena. Pande zote mbili paliingia kidole, na kwa juu mfuko ulilegea kama shavu la mzee. Tangu aanze ushonaji alishakosea rangi na alishakosea siku ya kumkabidhi mtu nguo yake, lakini kipimo hakuwahi kukosea, na ndicho kitu pekee alichokuwa akijivunia mbele za watu.

"Nimekuwaje?" akasema polepole. "Mbona nimepima vizuri?"

Binti alikuwa ameinamia vibonye. "Itakuwa futi hiyo, mama," akasema. "Si ya siku nyingi? Labda imevutika."

Ni kweli futi za kitambaa huvutika. Na hii alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, kabla hata ya kuolewa. Namba zake zilikuwa zimefifia na ncha moja alishaishona mara kadhaa. Mama Futi akaivua shingoni, akaivuta, akaitazama kwa uchungu kama mtu aliyegundua rafiki yake ni mwongo. Akaitupa kwenye ndoo ya vipande.

"Kumbe nimekuwa nikiwaharibia watu miaka yote," akasema, akajicheka. "Kesho nanunua mpya."

Akaufumua mfuko, akaupunguza pande zote, akaushona upya. Safari hii ukakaa barabara. Binti akamshukuru, akamkumbatia, akamshika kwa muda kidogo kuliko kawaida. Mama Futi akaona ni furaha.

*

Nembo zilimfundisha Mama Futi adabu ambayo hakuiomba. Shule ziliendelea kumletea sweta, naye hakutaka kuzipoteza, kwa hiyo alizishona, akazikunja, akazibeba hadi kwa Bi Kesho, akakaa kwenye benchi pamoja na wateja wengine kusubiri mashine yake mwenyewe.

"Jamani, leo nimebanwa," Bi Kesho alimwambia. "Njoo kesho."

"Dada, ni sweta chache tu. Niache nizidarizi mwenyewe, naijua ilivyo."

"Hapana, mwenzangu. Mashine ikizoea mikono miwili inaharibika."

Mama Futi akacheka na wengine, maana ukiwa na shida unacheka hata unapochekwa wewe. Akarudi na sweta zake. Njiani alijiliwaza kwa laptopu. Kwa wateja alishakuwa mtaalamu: mwanangu ana kompyuta ya kuchorea, ile yenye kadi ya picha, si hizi za kuandikia barua. Mwalimu mmoja aliyekuja kupimwa sare alimwuliza kadi ya picha ni nini, naye akamweleza vizuri tu, akazungusha na mikono kuonyesha ngazi na madirisha.

Binti naye alianza kuchelewa kurudi.

"Nabaki chuo, mama. Kule kuna kompyuta kubwa, tunapanga foleni."

"Na yako je?"

"Naipumzisha."

"Laptopu nayo inachoka?"

"Zinachoka, mama," binti akasema, akaingia chumbani kwake. Alikuwa amepungua uso. Mama Futi akasema moyoni kwamba masomo si mchezo, akamwongezea nyama kwenye sahani.

Mtaalamu alishampitia dukani kumshukuru kwa mdomo, lakini shukrani ilikuwa bado inamwasha, akamshonea shati. Vipimo vya shemeji yake alikuwa navyo kichwani tangu harusi. Akachagua kitambaa kizuri, akalipiga pasi, akalifunga kwa karatasi, akampelekea dukani.

*

Mtaalamu alikuwa na mteja, mzee mmoja mwenye miwani aliyekuwa akimtafutia mjukuu wake laptopu, na Mtaalamu alikuwa ameupa mlango mgongo. Mama Futi hakutaka kumkatiza. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kifurushi chake mapajani.

"Na hii ya kijivu?" mzee akauliza.

"Hapo umelenga, mzee wangu. Usiione imetulia hivyo. Hii ni ya gemu, ina kadi ya picha, ina nguvu. Nje karani wa serikali, ndani moto. Bei nakupunguzia maana imenikalia. Vijana wa siku hizi bila taa hawaelewi. Kaka yangu mwenyewe aliniambia nimshikie hii kwa ajili ya mwanawe, mwisho wa siku mfuko ukamgomea, akachukua ile ndogo ya kuandikia barua. Zinafanana rangi, zinafanana nembo, ukiziweka mbali mbali huwezi—"

Akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia kioo, akamwona.

Mama Futi alikuwa ameshasimama. Alivua futi yake mpya shingoni, akaiendea laptopu ya kijivu, akaipima urefu, akaipima upana, akaisimamisha akapima unene. Kila namba iliyotoka kwenye futi mpya ilikuwa tayari kichwani mwake, imemngoja.

Na hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza wa cherehani angelijua. Futi aliyopimia dukani ndiyo futi aliyokatia mfuko. Hata ingekuwa imevutika mpaka ikafika barabarani, kosa la kupima na kosa la kukata yangekuwa kosa moja, na mfuko ungekaa. Futi ikivutika haiwezi kuleta mfuko unaopwaya. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake, na bado aliitupa futi ya mwalimu wake kwenye takataka, kwa sababu mtoto wake alisema.

Uso ukamwaka. Mzee wa miwani, aliyekuwa amenusa kwamba hapa kuna jambo la nyumbani, akaaga kwa adabu akatoka.

"Shemeji," Mtaalamu akaanza, "naomba tusikilizane."

"Nakusikiliza."

"Mimi ni muuzaji. Kaka alikuja na fedha zinazotosha ile ndogo, nikampa ile ndogo. Ningefanyaje?"

"Fedha zinazotosha ile ndogo." Mama Futi akayarudia maneno. "Hizo ni zangu. Ni mashine yangu hiyo. Nusu yake yeye iko wapi?"

Mtaalamu akajikuna shingo. "Hayo muulize mwenyewe. Mimi nilimwambia kabisa, kaka, mwambie shemeji. Akasema usiambiwe, atairekebisha mwenyewe kabla hujajua. Atanilipa kidogo kidogo tuibadilishe."

"Amekulipa?"

"Bado."

"Na siku ile nilipokuja hapa kukushukuru, ukapokea shukrani?"

"Shemeji, ningesemaje mbele ya watu?" Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujitetea mpaka anajiharibia, akaongeza: "Halafu mimi sikujua kama wewe peke yako ndiye hujui. Mtoto anajua. Alikuja hapa siku ya pili yake tu, akaniuliza kama inaweza kuongezewa hiyo kadi. Nikamwambia haiongezewi."

Mama Futi akaishika meza. La mume lilikuwa limemchoma, lakini lilikuwa na mahali pa kuingilia. Mke wa mtu huwa ana pembe moja ya moyo aliyoiandaa kwa mambo kama hayo. La mtoto halikuwa na mahali.

Mtaalamu alikiona kifurushi. "Hicho ni nini?"

"Shati lako."

"Aa, shemeji, mimi siwezi kulipokea sasa."

"Litapokelewa na nani? Nilikukatia wewe." Akaliweka mezani, kati ya laptopu yenye makucha na ile ya kijivu. "Mimi nikimpima mtu, namshonea yeye."

*

Alimkuta binti ameketi kitandani, laptopu imefunguliwa mapajani. Kwenye kioo kulikuwa na jengo lililoishia nusu: kuta zipo, paa hakuna, na kiduara kidogo kinazunguka, kinazunguka.

"Imeganda," Mama Futi akasema.

Binti akashtuka, akaifunga. "Ni mtandao tu, mama."

"Nimetoka kwa Mtaalamu."

Binti hakuuliza kufanya nini. Machozi yalimtoka hapo hapo, bila sauti, kama yalikuwa yamesimama mlangoni yakingoja kufunguliwa.

"Mchoro wangu wa mwisho wa mwaka nakabidhi wiki ijayo," akasema. "Hauwezi kufunguka humu. Na chuo foleni ni kubwa, tunapewa saa moja moja. Sitamaliza, mama. Nisipomaliza wananirudisha mwaka."

"Hilo umelijua lini?"

"Tangu siku ile."

"Siku ya mfuko."

"Ulipokwenda kuuleta mfuko, baba aliniita nje, akaniambia nivumilie, atabadilisha. Akaniomba. Mama, baba hajawahi kuniomba kitu." Akajifuta kwa mkono. "Nikaona nikisema mtagombana kwa ajili yangu. Nikasema nitatumia za chuo."

"Na futi?"

Binti akainamisha kichwa.

"Baba yako hakusema futi imevutika. Mtaalamu hakusema. Aliyesema ni wewe. Nilikuwa nimeshaanza kuuliza, mwanangu. Mkono wangu ulikuwa umeniambia. Ukanifanya niukane mkono wangu mwenyewe."

Binti akaingiza mkono chini ya mto, akatoa kitu kilichoviringishwa, akamnyooshea mama yake. Ilikuwa futi ya zamani. Alikuwa ameiokota kwenye ndoo usiku ule ule, akaiosha, akaipiga pasi. Mama Futi akaipokea. Alitamani kumpiga na alitamani kumkumbatia, akashindwa kuchagua, akatoka.

Mume alirudi jua likizama, akatundika mkoba wake kwenye msumari. Akauona uso wa mkewe, akaiona laptopu mezani na mfuko kando yake, akakaa kabla hajakaribishwa.

"Nusu yako iko wapi?" Mama Futi akauliza.

"Haipo."

"Imekwenda wapi?"

"Haikuwahi kuwapo." Alisema kwa sauti yake ile ile ya upole, na upole ule kwa mara ya kwanza ulimkera mkewe. "Wameweka mita mpya, zinajisoma zenyewe. Nimepunguziwa mitaa. Mshahara nao wameukata. Tangu mwaka jana."

"Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unaniambia umeweka."

"Nilikuwa nasema."

"Nilikuomba nikuone unavyoweka? Si wewe uliyekuwa unakuja kunisimulia mwenyewe, hapa hapa, unakula?"

Mume akatazama mikono yake.

"Ungeniambia tu," Mama Futi akasema, na sauti ikaanza kumvunjika. "Mshahara kukatwa si wizi. Ningekucheka mimi? Mimi?"

"Ningekuambia sina nusu yangu, ungeuza mashine?"

Mama Futi akafikiri kidogo, kwa haki. "Nisingeuza. Kwa nusu ile tusingepata chochote cha maana. Tungesubiri, ningeshona nembo mwaka mzima tukanunua ya kweli."

"Ndiyo maana sikukuambia," mume akasema. "Mtoto alikuwa anatakiwa kuanza mwaka wa masomo. Nikasema bora awe na chochote."

Nusu ya kwanza ya jibu lile Mama Futi aliweza kuimeza: mtu ameona haya. Nusu ya pili ilimkwama. Mumewe alikuwa amejua. Alikuwa amepiga hesabu ya mkewe kama anavyosoma mita ya mtu, akajua atatoa nini akidanganywa na atakataa nini akiambiwa kweli, akachagua.

"Ulishika upande mmoja," akasema.

"Nini?"

"Siku ya mashine. Ulishika upande mmoja, mimi mwingine. Ukaniambia nisilie, mtoto atanunua tano. Ulikuwa unajua, na ukanisaidia kuibeba."

Mume akajifunika uso kwa viganja.

Mama Futi hakupiga kelele. Majirani walisema baadaye kwamba hawakusikia lolote, na wengine hawakuamini kwamba paligombanwa. Alikwenda kwenye chumba chake cha kushonea, akachukua wembe, akaketi, akaufumua ule mshono aliopunguzia, uzi mmoja mmoja, bila kuchana kitambaa. Akaushona mfuko upya kwenye mstari wake wa mwanzo. Alama ya mshono wa kati ilibaki, haikufutika hata kwa pasi. Akarudi mezani, akaingiza laptopu, akavuta zipu, akaunyanyua.

Ko, ikagonga.

"Utaibebea humu," akamwambia binti aliyekuwa amesimama mlangoni. "Usiweke nguo wala gazeti kuzuia. Hiki ndicho kipimo tulichokubaliana sote dukani. Siku kikijaa, tutakuwa tumenunua laptopu."

*

Asubuhi binti aliondoka mapema kuwahi foleni ya chuo. Mlio wa laptopu ndani ya mfuko ulisikika kwenye ujia, ukashuka ngazi, ukavuka uwanja, ko, ko, ko, mpaka ukapotea kwenye kelele za barabara. Mumewe alikuwa anakunywa chai. Kila ulipogonga alikuwa anasita na kikombe mdomoni.

Mama Futi alivaa futi yake ya zamani shingoni. Akakunja sweta za shule, akazipanga kwenye shuka, akalifunga fundo. Zilikuwa nyingi kuliko wiki iliyopita, na Bi Kesho alishamtumia salamu kwamba bei ya nembo imepanda. Aliuinua mzigo ukamwelemea, akauweka chini ili aushike vizuri.

Mume akainuka haraka, kama aliyefurahi kupata cha kufanya. Akashika ncha moja ya shuka.

"Ngoja nishike upande mmoja," akasema. "Nikusaidie kubeba."

Mama Futi akautoa mkono wa mumewe kwenye shuka, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Acha," akamwambia. "Ulishanisaidia."

Akaupandisha mzigo kichwani peke yake, akatoka kwenda kupanga foleni.